Maji ya Friji

Julai nzima Mabela ilichemka,
lami imelegea kama halwa iliyo jikoni,
na mimi navaa glavu za sufu kufungua friji.
Thuraya alinicheka, kisha akaacha kucheka.

Ndiyo dawa yenyewe. Nikishika baridi
vidole vinapigwa shoti,
nikinywa cha barafu koo linajifunga
kama mlango uliobamizwa na upepo.
Basi nikawa nakunywa maji ya uvuguvugu,
maji ya kukoshea mikono,
katika mji ambao hata paka hulala chini ya kiyoyozi.

Kila baada ya wiki mbili, Jumatatu, kiti cha dirishani.
Sista Lisama, mtu wa Kerala,
ananiuliza "umeamkaje" kwa Kiswahili alichokiokota kwangu,
na nikirudi nyumbani narudi na kichupa kiunoni,
siku mbili kinadondoka kidogo kidogo
kama mtu anayelipa deni asilotaka kulimaliza.

Na mfuko wa tumboni? Nausema, sioni haya.
Nimeupa jina: Bi Kidomo.
Hauna adabu. Ulinguruma
kwenye hitma ya jirani, watu kimya, dua inapanda.
Nikasema, "Na huyu naye kaitikia amina."
Wanawake walicheka hadi kahawa ikamwagika.
Usiku ule nililia, lakini si kwa sababu hiyo.

Daktari ana karatasi ya maswali,
Kiarabu kilichopigwa pasi. Thuraya akanifasiria:
Wiki iliyopita, moja mpaka kumi, maisha yako yalikuwaje?
Nikamwambia, muulize, ana nambari ya mtu
anayeshona kwa macho
maana vidole havijui tena sindano iko wapi?
Miaka arubaini natoboa kofia.
Ya Qais, mjukuu wangu, ilikuwa nusu,
na kitobo kimoja kina tone la damu
nililoliona kwenye kitambaa
kabla sijaliona kidoleni.

Thuraya hakuyafasiri yote. Nilijua kwa ufupi wa sentensi.
Nikasema mwenyewe, kwa Kiarabu changu cha dukani,
chenye lafudhi ya Unguja hadi leo:
Sitapona, najua. Mliniambia, nikasikia.
Siombi miaka. Naomba vidole.

Akaweka kalamu.
Akatazama picha ya ini langu na madoa yake.
Ile moja, akasema, ile ya baridi, tuiache kwanza.
Huenda vidole vikarudi, huenda visirudi vyote.
"Na madoa?" Thuraya aliuliza.
Tutapima tena baada ya miezi miwili.
Hakuapa. Nikampenda kwa hilo.

Leo, Agosti, wiki ya tano.
Dole gumba la kulia bado limelala.
Cha shahada kimeamka, kinauma,
alhamdulillahi kinauma.
Vimebaki vitobo sabini. Vingine vimepinda,
Qais ataivaa hivyo hivyo, atake asitake.

Adhuhuri hii Thuraya yuko kazini.
Nimevua glavu, nimefungua friji mwenyewe.
Gilasi inatoka jasho mkononi mwangu,
Bi Kidomo ananong'ona,
nami nimesimama hapa jikoni,
sijui ninywe,
sijui niendelee kuishika.