Zulia la Gari la Muthengi

Lilikuja Jumanne, kinyumenyume,
nyumba ya magurudumu sita, pazia dirishani,
sufuria zikigongana ndani kama jikoni kwa jirani,
likaziba lango letu la kuoshea magari, Kawangware.
Muthengi akashuka. Mpima ardhi mstaafu, soksi zimelowa.
"Dirisha la paa linavuja," akasema, "tangu mvua za Aprili.
Nilidhani ni mimi ninayenuka."

Niliingia kwa magoti. Hapaingiliki vingine:
ukisimama, kabati linakupiga paji.
Zulia lilikuwa limebanwa kwa pini, limekatwa kufuata kila kona,
hapa tundu la mguu wa meza, pale pindo la tairi,
na chini ya kitanda lilikuwa zito
kama mtoto aliyesinzia mgongoni.
Nikang'oa pini arobaini na moja. Nilizihesabu,
maana pini ikibaki, ni goti la mtu.

Chini yake: punje za mchele, kibanio cha nywele,
risiti ya petroli, herufi zimekimbia,
na kuvu, duara moja la kijani
lililokuwa likijitanua polepole bila kulipa kodi.
Kibanio nilimpa mkononi.
Alikifutia kwenye shati, akakitia mfukoni,
nami sikuuliza.

Tukalitandaza kwenye saruji. Sabuni ya unga, siki kidogo,
brashi iliyonilia kucha.
Maji ya kwanza yalitoka mekundu.
"Hiyo ni Voi," akasema Muthengi, amechuchumaa.
Ya pili, rangi ya uji.
"Chalbi. Tulikwama siku mbili.
Kerubo aliimba mpaka ngamia wakaondoka."
Ya tatu, meusi ti. Akanyamaza.
"Hiyo ni Nairobi," nikamwambia mimi.
Ya nne, meusi.
Ya tano, meusi bado.

Kulowesha si kazi, hata mvua huweza.
Kazi ni kukausha.
Nairobi ya Julai haina jua, ina mwanga tu,
mwanga wa kukuonyesha ubaridi ulipo.
Nililianika ukutani, likaning'inia na vipande vyake.
Sela akatoka shule, akasimama mbele yake na mkoba:
"Mama, huyu alikuwa mnyama gani?"
Nikatazama. Miguu, mkia, tundu la jicho. Kweli.
"Yule anayekula barabara. Usimguse, hajakauka."

Jumatano, manyunyu. Tulilitoa, tukalirudisha chini ya mabati.
Alhamisi niliazima feni ya kinyozi;
wateja wake wakanyolewa na jasho lao.
Muthengi alilala garini juu ya mbao tupu,
na usiku nikasikia kila hatua yake.
Zulia ndilo lililokuwa likimfichia siri.

Ijumaa akalipapasa. "Limekauka."
"Uso umekauka," nikasema. "Tumbo bado."
Nikatandika gazeti la jana, zulia juu, nikamwambia asimame.
Aliposhuka, tukalifunua:
ukurasa wote wa michezo ulikuwa umelowa.
Hakubishana tena.

Jumamosi, saa tano, jua likaingia bila hodi.
Ploti nzima ilikimbia: magodoro, ulezi, viatu vya shule,
bibi wa chumba cha nane na kiti chake.
Dakika arobaini. Nililigeuza kama chapati.

Jioni, nikipigilia pini, ndipo nilipothubutu:
"Pole kwa mama Kerubo."
"Pole ya nini? Yuko Nyamira.
Alisema hapandi gari hili mpaka harufu itoke."
Akavua viatu, akaketi sakafuni, akapiga simu.
"Nusa," akasema,
akailaza simu kifudifudi juu ya zulia.

Sauti ikatoka chini pale, kicheko au mtandao mbovu,
sikujua. Nilikuwa nahesabu.
Thelathini na nane. Thelathini na tisa.
Arobaini.
Nikapapasa sakafu, nikaanza upya.