Glavu ya Kushoto

Keti, Aarne. Vua kofia kwanza,
theluji itadondokea kadi zangu.
Umekuja na glavu moja nzima na nyingine kigutu,
sindano tano zingali zimeing'ang'ania
kama fundi aliyeitwa nje mara moja
akasema narudi.
Nimeelewa. Usinieleze tena.

Cha kwanza ni hiki chenye jalada la kijani.
Picha zake nzuri mno, na hiyo ndiyo kasoro yake:
wanawake wamesimama juu ya miamba,
hawana kamasi, sufu haiwawashi.
Kitazame ukiwa kitandani. Usikifuate.
Harufu ya chungu cha jirani haijamshibisha mtu.

Cha pili kaandika profesa mmoja wa Tartu.
Kurasa mia nne juu ya mistari ya sketi,
wilaya kwa wilaya, rangi kwa rangi,
wekundu wa mizizi ya magugu, weusi wa tope la kinamasi,
wala hakuna alipokwambia uzi hushikwa kwa kidole gani.
Lakini kijiji chetu kimo, mia mbili na kumi na mbili,
na bibi yako mzaa mama yupo pichani,
wa tatu kutoka kushoto, amekunja uso.
Nenda ukamwamkie siku moja moja.

Cha tatu ni cha watoto. Usinune.
Wewe unayefungua injini ya feri gizani kwa kupapasa,
unayeijua kila nati kwa mlio wake:
kitanzi ni nati laini, basi.
Humu mna bata mwenye sindano, hana haraka na mtu.
Ndiye aliyenifundisha mimi
nina miaka thelathini na minane, nimeachwa,
nina hasira na kila kitu chenye ncha.

Cha nne siazimishi.
Kinakaa hapa mezani, gamba limeshonwa mara mbili
kwa uzi wa viatu.
Ruwaza za pwani hii zimo zote, miraba myeusi na myeupe,
na kwenye ukurasa wa sitini na moja mpiga chapa alisinzia:
mraba mmoja haukupata wino.
Nyota ya ncha nane ikatoka na saba na nusu.
Mama zetu wakaifuma hivyohivyo.
Wengine walihesabu, wakahesabu tena,
wakajilaumu wenyewe, wakanyamaza.
Husemwa kosa ni kurudia kosa;
sisi tulilirudia miaka sitini, likawa mila.
Siku hizi glavu ikisahaulika kwenye basi la Tallinn
na nyota yake imepungua nusu ncha,
dereva huirudisha huku bila kuuliza.

Itazame hiyo yako ya kulia. Hesabu.
Ninasubiri.

Nane.

Ndiyo. Meeli hakukubali.
Fungua ukurasa. Pale pembeni, kwa penseli,
mwandiko umelala kama nyasi baada ya upepo:
*Hapa pana mraba. Msiwe wavivu.*
Nilimtoza faini kwa kuchorachora mali ya umma.
Akalipa. Wiki iliyofuata akarudi, akaongeza mshale,
sarafu akaitanguliza mezani.

Sasa. Ameishia ncha ya sita.
Mkono wako utavuta uzi kwa nguvu kuliko wake,
hilo halina dawa. Usifumue.
Patabaki mstari pale alipoachia yeye ukapokea wewe;
hautaonekana, ila kidole gumba kitaujua
kila ushikapo usukani.

Taa nitaiacha hadi saa kumi na mbili.
Mimi nina vitabu vya kupanga huko nyuma,
sitakutazama.
Ila nawa hiyo grisi kwanza.
Sabuni iko nyuma ya kabati la historia.