Herufi za Mwisho

Kazi yangu ni kupokea makoti.
Montreali, mwezi wa kwanza, ukumbi uliokuwa kiwanda cha sabuni;
kuta zikipata joto la watu
hunukia tena kama shuka iliyoanuliwa jana.
Nawapa kikaratasi chenye namba, wao wananipa uzito:
sufu, manyoya ya bata, theluji mabegani,
mifukoni glavu moja moja zisizo na mwenzi.

Muziki naupata kwa vipande,
mlango ukifunguliwa na mtu anayekwenda msalani.
Kodiani.
Mlango.
Ngoma ya mashine, kama moyo wa jirani ukutani.
Mlango.
Zumari la Kibretoni, na nyuma yake mwanamume
anaghani kwa lugha ya Kabilia kitu alichoachiwa na bibi yake,
sijui ni dua au ni matusi.
Mlango.
Wiki iliyopita walikuja vijana watatu,
wakapiga kinanda cha kanisa juu ya mdundo wa Guadelupe.
Nikamwuliza Réjean wa tiketi: huu ni muziki gani?
Akapandisha mabega. "Wa Kifaransa."
Kama mtu umwulizaye pilau
akakujibu: ni mchele.

Kifaransa nakisoma Jumanne na Alhamisi
katika chumba kilicho juu ya duka la matairi.
Madamu Thibodeau anasema herufi za mwisho hazitamkwi.
Zipo, lakini zimenyamaza,
zimeketi ndani ya neno kama mkwe ukweni,
macho chini, sahani haijaguswa.
Mimi natoka Korogwe. Kwetu kila herufi hula kwa sauti.
Miezi mitatu nilikuwa naziamsha hizo bubu,
nikiagiza chakula mpaka kwenye mfupa wa neno,
na muuzaji ananijibu kwa Kiingereza.

Usiku ule aliimba Solenn Kergoat.
Saa tatu na robo bomba la joto likafa,
halikutoa hata kikohozi.
Punde pumzi za watu zikaanza kuonekana.
Réjean akaja mbio: makoti, yote, sasa hivi,
na wimbo usikatizwe.

Basi nikaingia.
Miezi mitano kazini, sijawahi kuuvuka mlango ule muziki ukiwa hai.
Nasukuma reli ya magurudumu, makoti themanini,
na henga za waya zinagongana:
chwi, chwi-chwi, chwi.
Aibu ikanipanda mpaka masikioni.
Nikazishika. Zikazidi.

Solenn akasita katikati ya neno.
Soksi zake hazifanani.
Akainama toka jukwaani na kipaza sauti mkononi,
akakisogeza kwenye reli
kama mtu anayechota mchuzi wa jirani, kijiko kimoja tu,
akabonyeza kitu kwa mguu,
na chwi zangu zikarudi kwenye spika, kubwa,
kodiani ikazikaribisha, besi ikazitandikia chini.
Hawa hawachagui, nikawaza. Wanapita na kapu.
Wimbo wao ni nyumba ya kupanga:
kila aingiaye anakuja na sufuria yake.

Nikagawa makoti nikiwa ndani ya wimbo.
Namba nilizisoma kwa Kifaransa,
na kwa kiherehere ishirini yao nikaitamka yote,
na ile g, na ile t.
Hakuna aliyenisahihisha.
Mzee mmoja aliirudia hivyohivyo, na t yake,
akicheka kama aliyekumbuka jina la mtoto aliyesoma naye.

Saa nne joto likarudi,
nao wakanirudishia makoti yote. Themanini. Kazi ni kazi.

Isipokuwa namba sitini na moja, la kijivu,
mwenyewe hajalifuata hadi leo.
Mfukoni mna glavu moja na orodha ya dukani:
mkate, siagi, mayai, betri.
Nikizima taa naisoma kwa sauti, kwa Kifaransa chao,
nikizihesabu zote,
na za mwisho.