Jaribu Tena

Mashine imefungwa ukutani, kando ya lango,
pale lilipokuwa daftari na kalamu yake ya kamba.
Ilitoka Dar ndani ya boksi la povu,
na mimi ndiye niliyesaini kuipokea.

Saa moja kasoro, Julai. Baridi ya Moshi
imelalia mabati ya kiwanda kama blanketi bichi.
Wachambuaji kahawa wamepanga foleni,
wa Pasua, wa Njoro, wa Kiboriloni,
khanga juu ya sweta,
kila mmoja akipeleka kidole kama anayeonja uji wa moto.
Tii. Asante. Tii. Asante.

Kisha Aikaruwa Lyatuu.
Jaribu tena.
Anakipangusa kwenye sketi. Jaribu tena.
Anakipulizia, anakilamba. Jaribu tena.
Anapeleka cha kushoto,
halafu, kwa ubishi, kiwiko.
Foleni inacheka. Na mimi nacheka,
mimi ambaye kazi yangu hainiruhusu.

Miaka ishirini na sita ametenga buni:
nyeusi huku, iliyotobolewa huku, nzima huku.
Mistari ya vidole ikaondoka naye kidogo kidogo,
ikashonewa ndani ya magunia,
ikanywewa na watu wasiotujua.

Mwisho wa mwezi mfumo unaniletea orodha:
Lyatuu A., utoro, siku kumi na tisa.
Zote kumi na tisa nilimwona.
Mojawapo alinimegea ndizi ya kuchoma.

Mlangoni kwangu wamebandika Afisa Rasilimaliwatu.
Zamani paliandikwa Utumishi, na Kiwelu aliyenitangulia
alijua nani ana mgonjwa KCMC, nani anadaiwa ada.
Neno jipya ni refu, nililipenda siku ya kwanza.
Siku hizi nikilisoma naona walivyolipanga:
mali mbele,
watu mkiani.

Nabonyeza Rekebisha. Mfumo unataka sababu.
Ugonjwa. Msiba. Ruhusa. Nyingineyo.
Nachagua Nyingineyo,
unanipa nafasi ya herufi thelathini
nimweleze mtu.

Vidole vimekwisha kazini.

Kesho yake Dar wanapiga:
"Ndugu Mowo, hii ni ajali?
Kama ni ajali, jaza fomu ya fidia.
Kama si ajali, futa."
Fomu ninayo. Swali la pili: tarehe ya tukio.

Namfuata mezani kwake, nauliza niandike ipi.
Hainui macho, mikono inaendelea,
nyeusi huku, nzima huku.
"Weka ya leo," anasema.
"Ndiyo siku mliyoona."

Asubuhi nalitoa daftari stoo, nalikung'uta vumbi.
Saini yake ina mkia mrefu
unaovuka mstari na kuingia kwa jina la mwenzake.
Kisha nageukia ukuta, nagusa kwa kidole changu.
Tii. Asante.
Wala sikukibonyeza vizuri.