Nyuzi Tisini na Nne

Swali limeingia maabara kabla ya mwenyewe,
limevaa sweta mbili, maana Julai ya Mbeya haina huruma:
"Fundi, hiki kipimajoto ni kizima?"

Tusekile, mwaka wa kwanza, mtu wa Kandete.
Maji ya bika yanatokota, yanarukaruka,
na zebaki imegoma kwenye tisini na nne
kama mbuzi katikati ya daraja.
Kitabu kinasema mia.
Kitabu kimepigwa chapa, yeye bado;
ndiyo maana ameuliza kwa sauti ya chini.

Miaka kumi na tisa navitunza vipimajoto hivi,
kila mwaka navisikia vikisingiziwa.
Kuna aliyekikung'uta kimoja kama chupa ya dawa ya kikohozi.
Kuna Anyelwisye, aliyeandika mia bila hata kuwasha jiko,
akapata vema,
na sasa anapima barabara huko Tunduma.
Naziombea barabara hizo.

Sikumjibu Tusekile. Nilimuuliza habari za maharage.
"Kwenu yanaiva kwa muda gani?"
Akacheka mpaka akashika meza.
"Maharage, Fundi? Mama huyainjika alfajiri,
tukitoka shule bado yanabisha."
"Na Kyela, kule chini ziwani?"
Akanyamaza.
Naujua ukimya huo, wa mtu anayehesabu bila vidole.
"Kwa shangazi yanawahi," akasema. "Sisi tulidhani ni mbegu."

Tulidhani ni mbegu.
Mama yangu, kule Uporoto, alidhani ni kuni mbichi.
Bibi alidhani ni sufuria ya dukani, akarudia chungu chake.
Wamelisimamia jaribio hili maisha yao yote,
macho mekundu kwa moshi,
na hakuna aliyewapa daftari.

Nikamwonyesha barometa ukutani, basi.
Milimita mia sita na ishirini.
Akaisoma mara mbili, kama anayesoma majibu ya mkopo,
akageuza karatasi, akaanza:
logi ya hiki kugawa kwa kile,
joto fiche la mvuke,
kosa, futa, kosa jingine,
ulimi umechungulia pembeni ya mdomo.
Nje, Loleza ulikuwa na wingu begani,
na vijana wa uashi waligonga tofali zao.
Hesabu ikatua: tisini na nne, na nukta kidogo.
Akatazama zebaki. Akatazama karatasi.
Sijui nani kati ya hizo alimkonyeza mwenzake.

"Kwa hiyo kitabu kimekosea?"
Hapana. Hakikusema kimesimama wapi.
"Na viazi vya Kitulo, juu kule?"
Kahesabu.
"Na mahali ambapo hewa imekwisha kabisa,
maji yatachemka yakiwa baridi?
Mtu akiyagusa, atasema ameungua au ameganda?"
Hapo nikajifanya natafuta kitambaa.

Akaandika tisini na nne, akapigia mstari kwa rula,
akaondoka bila kuzima jiko.

Lakini mwongozo wa kusahihisha nimeuchapa mimi.
Ukurasa wa tatu, swali la nne, kipengele cha pili:
nyuzi mia, alama mbili.
Nimeuchapa mara kumi na tisa,
nikijua.
Hakuna mhadhiri aliyeniuliza. Mimi ni fundi tu,
na chai yangu imechemka kila jioni
kwa nyuzi zilezile, nami nikainywa.

Leo nimeutoa kabatini.
Kalamu imekataa kuandika kwa baridi.
Nimeibana kwapani,
nasubiri wino upate joto.