Mara Tatu

Tulihesabu jikoni, Passo Fundo, baridi ya Julai,
kibuyu cha chai chungu kikizunguka mkono kwa mkono.
Tiketi nne za siku mbili tulishazikatakata
mafungu kumi kwenye kadi, hadi Aprili.
Yakabaki malazi, mafuta ya gari, na tumbo.

"Tulale mara moja," akasema Jandir.
"Kilomita mia tano na ushei, tulale mara moja?"
"Basi mara mbili."
"Tatu," nikasema, wala sikuwa na hoja,
ila nilitamani siku isiyo na foleni wala usukani.
Akaandika mbili nyuma ya bili ya umeme
akaipigia mstari,
kama afanyavyo akikadiria gia ya trekta la mtu.

Nyumba ya wageni ya Dona Zenaide
iko nyuma ya duka la matairi.
Picha ya kwenye simu ilikuwa na bahari dirishani,
na bahari ilikuwepo kweli, ukipanda kiti.
Vitanda viwili, na godoro lililojikunja kabatini
kama mtu anayeogopa kuitwa.
Asubuhi mkate, jibini, papai.
Nilitia mikate minne mkobani kwa siri;
Dona Zenaide akaniona,
akaniletea karatasi ya kuifungia.

Langoni pa treni ya kupinduka
mamba wa mbao ameshika rula.
Djonatan alipungukiwa vidole viwili,
hata na maboksi niliyomkunjia ndani ya viatu.
Msichana wa zamu akavitazama viatu, akanitazama mimi,
akatikisa kichwa polepole, asimwaibishe mtoto.
Dada yake Kauane akapanda mara tano peke yake,
akashuka sauti imemkauka,
na chupa ya maji humo ndani
ni bei ya kilo mbili za maharagwe.

Siku ya pili, mvua.
Saa nne asubuhi mashine zote zikasimama.
Tulijibanza chini ya kibanda cha bisi
tumevaa mifuko ya taka tuliyoitoboa mikono,
tukitazama fungu la Oktoba na la Novemba
likichirizika kwenye mfereji.
Hakuna aliyelaumu. Hilo ndilo lililoniuma.

Jioni nikaanza kukunja nguo mbichi.
Jandir alikuwa bafuni, sikio ukutani.
"Pampu hiyo," akasema, "beringi imekwisha."
Akashuka ngazi miguu mitupu.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Dona Zenaide hakuwa na jembe.
Alikuwa na spana namba kumi na saba
na tochi iliyoishiwa betri.
Usiku wa manane maji yakapanda hadi tangi la juu,
yakaanguka humo kwa kishindo kama makofi,
naye, akijifuta mikono ambayo haikuwa michafu,
akasema chumba chenu kesho hakina mtu.

Kwa hiyo tukalala mara tatu.
Tiketi zilikwisha; hatukwenda popote.
Alasiri tukapanda kwenye sakafu ya kuanikia nguo,
mablanketi mabegani,
na juu ya paa la duka la matairi
tukaona kilima cha reli, chekundu, mvua imekiosha.
Kila baada ya dakika nne, mayowe.
Djonatan akajifunza kuyahesabia:
sasa wanapanda, bado, bado, sasa!
Na baba yake, grisi ingali kwenye kucha,
akamshika kiunoni akamnyanyua,
akamlaza kushoto penye kona, kulia penye kona,
akamgeuza kichwa chini miguu juu,
huku mama wa watu nikishikilia kamba ya nguo
kana kwamba ndiyo inayotubeba sote.

Aprili tukamaliza kulipa.
Mtoto amerefuka vidole vitatu.
Ukimuuliza alipanda mara ngapi ile treni,
hutazama kwanza mikono ya baba yake,
kisha hujibu: kumi na moja.