Kitabu cha Zamu

Saa sita usiku napokea funguo kwa Duane Halvorsen.
Anavaa koti, haniangalii usoni.
"Leo uko peke yako. Marlys kaacha kazi,
kaenda kufunga vifurushi ghalani, huko wanalipa zaidi."
Nje theluji ya Minesota imefika kwenye vioo vya magari.
Ndani watu sitini na mmoja, na macho yangu mawili.

Sheria imebandikwa ukutani, juu ya birika la kahawa:
kila robo saa simama mlangoni, tazama kifua
kama kinapanda, kinashuka, ndipo uandike.
Vyumba sita vya chini ni vya wale wa kuchungwa.
Lakini juu kuna mlevi anatapika,
polisi yuko getini na mwingine mwenye pingu,
simu inalia, mama wa mtu anauliza kama mwanawe amekula,
na kamera ya saba imekufa tangu Oktoba.

Nitasema tulivyokuwa tukifanya.
Ukipata dakika tano za kuketi
unajaza safu nzima hadi alfajiri:
saa nane, amelala. Saa nane na robo, amelala.
Saa nane u nusu, amelala.
Kalamu haina miguu, lakini ilifika kila mlango.
Mkaguzi alipokuja alisifu usafi wa kurasa.

Ndivyo kilivyosema kitabu usiku wa Eino Karvonen,
miaka ishirini na miwili, faini ya dola mia tatu na arobaini.
Amelala, kilisema, amelala, amelala,
ilhali saa nzima alikuwa ameshatutoka.
Jioni ile aliniuliza kupitia tundu la chakula,
"Saa ngapi?"
Nikamjibu huku natembea.
Hakuwa anauliza saa.

Baba yake alikuja kuchukua mfuko wa karatasi:
viatu visivyo na kamba, leseni ya kuvulia barafuni, glavu moja.
Akaomba kitabu. Akasoma kwa kidole, mstari kwa mstari,
akasema, "Afadhali alipata usingizi."

Sikumsahihisha.

Leo, chumba cha nne, Royce Bellanger
amegeukia ukuta tangu jioni, chakula hakukigusa.
Nimeiacha simu ilie. Nimeketi sakafuni, mlangoni pake.
"Ni saa nane na dakika kumi, Royce. Theluji bado inaanguka.
Kwenu ni wapi?"
Kimya. Kisha, kwa ukuta: "Karibu na ziwa."

Nimeandika, kwa wino uleule wa buluu:
chumba cha nne, yu macho, tunaongea.
Cha kwanza, sijafika. Cha pili, sijafika.
Cha sita, sijafika, na moyo wangu uko huko.
Asubuhi mkuu wa jela atauliza nani kauchafua ukurasa.
Ahesabu mapengo. Kila pengo lina upana
wa mtu mmoja ambaye hawakumwajiri.

"Ziwa lipi?" namuuliza Royce.
Anafikiri.
Nangoja.